Priampu ya zamani isiyojulikana: uisome, uichore au uipigishe sauti?

Ni boksi la chuma la kijivu, zito kuliko linavyoonekana. Lina nobu mbili za kuzungusha, valvu mbili (chupa za kioo za kukuza ishara) zinachungulia kwa nyuma, na matundu manne ambayo plagi za siku hizi haziyaingii. Spika halina. Muuzaji wa soko la Kongowea, Mombasa, ameliweka kati ya rimoti na chaja, na ukimuuliza ni la nini atakwambia ni ampu ya Mzungu, mali safi.

Ampu kamili si hiyo. Boksi lisilo na mahali pa kufunga spika mara nyingi ni priampu: kazi yake ni kupokea ishara ndogo mno, pengine milivolti moja au mbili, na kuikuza hadi ampu kubwa iweze kuitumia. Swali ni ishara hiyo ndogo ilitoka wapi. Kwa Mombasa majibu ni mengi. Mji huu ndio duka la Assanand lilikotolea santuri za taarab za lebo ya Mzuri, kwa hiyo vifaa vya santuri si ajabu. Yalikuwapo majumba ya sinema kama Regal na Naaz, na projekta ya filamu haikutoa sauti bila priampu yake. Kuna maiki za misikiti, makanisa na mikutano, bendi za hoteli, mashine za kanda, na vifaa vilivyoshushwa melini Kilindini. Boksi la kila kazi hufanana na mwenzake kwa nje, ila ukichomeka santuri kwenye priampu ya maiki sauti itatoka nyembamba na kali, halafu lawama apewe fundi.

Njia za kulitambua ni tatu: kulisoma kwa macho, kuchora saketi yake, na kulipitishia sauti ya majaribio. Watu hubishana ipi bora kana kwamba zinashindania jibu moja, kumbe kila moja ina swali lake. Macho hukuambia boksi lilitoka enzi na mikono gani. Mchoro hukuambia liliundwa kwa kazi gani. Sauti hukuambia linafanya nini leo, baada ya mafundi watatu na miaka 60 ya hewa ya bahari. Basi pima kila njia kwa mambo haya: pesa na muda, hatari kwako, hatari kwa kifaa chenyewe, na kama swali inalolijibu ndilo ulilo nalo.

Kwanza, onyo moja kwa njia zote. Usilichomeke kwenye stima uone kama linawaka. Umeme wetu ni volti 240. Boksi la Kimarekani lililoandikwa 117 V laweza kuunguza transfoma yake.

KULISOMA KWA MACHO

Unachohitaji: tochi, brashi laini, lenzi ya kukuzia na simu ya kupigia picha. Nusu saa inatosha na gharama ni sufuri.

Inavyofanywa: anza nyuma, si mbele. Watu hukimbilia jina lililochapwa mbele, na hilo ndilo lenye habari chache. Tazama tundu la kuingizia ishara. Tundu la RCA lililoandikwa "PU" au "Phono" ni la santuri. Tundu la pini tatu la XLR, hasa likiwa na kopo dogo la chuma nyuma yake lenye transfoma ndani, ni la maiki. Jeki nene ya milimita 6.35 ni ya gitaa, au maiki ya ukinzani mkubwa. DIN ya pini 5 ni ya Ulaya: pini 2 ni ardhi, 3 na 5 huwa za sauti ya kucheza, lakini iliwekwa kwenye santuri na kanda vilevile, kwa hiyo peke yake haikati shauri. Waya mnene mfupi uliofungwa moja kwa moja bila plagi, kwenye boksi lenye matundu ya kufungia ukutani au kwenye mashine, unanuka sinema.

Kisha tafuta swichi ya kuchagua. Ikiwa imeandikwa "78", "LP", "AES", "ffrr" au "NAB" kwa pamoja, utafutaji umekwisha. Hiyo ni ya santuri, na ya zamani hasa, kwa sababu kabla ya kanuni ya RIAA (chama cha kampuni za santuri za Marekani) ya 1954 kuenea kila kampuni ilikata santuri kwa mkunjo wake, yaani uwiano wake wa besi na trebo. Ikiwa imeandikwa 3¾, 7½ na 15, hizo ni inchi kwa sekunde, na hapo una priampu ya kanda.

Halafu umeme. Boksi lisilo na waya wa stima, lenye plagi ya pini nyingi, lilikuwa likilishwa na ampu yake kubwa. Leak Point One na Quad 22 ni za aina hii. Plagi ya stima yenye pini tatu za mviringo ni dalili ya mikono ya Kiingereza.

Mwisho valvu au transista. Kwenye majina ya Ulaya herufi ya kwanza ndiyo volti za kupasha: E ni 6.3. ECC83 ni triodi mbili (vikuzaji viwili) kwenye chupa moja, ndiyo ileile Wamarekani wanayoiita 12AX7. EF86 ni pentodi ya kelele kidogo, na ikikaa karibu na tundu la kuingizia ujue wahandisi walitarajia ishara dhaifu. Transista nyeusi za OC71 ni za jeramani (germanium), za mwishoni mwa miaka ya 1950 na ya 1960. BC109 ni silikoni, zimekuja baadaye. Nobu nazo zina siri: nyuma ya potenshiomita (rezista inayozungushwa na nobu) ya Kimarekani kukiandikwa 137 6523, 137 ni kampuni ya CTS, 65 ni mwaka na 23 ni wiki. Boksi haliwezi kuwa la kabla ya hapo, isipokuwa nobu ilibadilishwa.

Inapodanganya: valvu hubadilishwa, na fundi huweka alichonacho. Namba ya CV, mfano CV4004, watu huidhania ni modeli ya boksi, kumbe ni namba ya jeshi la Uingereza kwa valvu ya jamii ya ECC83. Jina kubwa lililochapwa kwenye transfoma ni la mtengeneza transfoma tu. Na ECC83 iliwekwa kila mahali, kuanzia gitaa hadi maabara, kwa hiyo kuiona hakukuambii kitu kuhusu kazi.

Inamfaa nani: mnunuzi aliyesimama sokoni, na yeyote ambaye hajawahi kufungua kifaa cha valvu. Haina hatari kwako wala kwa boksi.

KUCHORA SAKETI

Unachohitaji: mita ya dijitali, penseli na karatasi nyingi, bisibisi, na rezista (kipande cha kuzuia umeme) ya 10 kΩ ya wati 5 yenye klipu mbili za mamba zilizofunikwa plastiki. Tenga saa tatu hadi sita. Umeme hauguswi kabisa, na huo ndio uzuri wake mkubwa.

Inavyofanywa: hata boksi lililokaa bila kuchomekwa linafaa kutiliwa shaka, na kama liliwashwa leo kapasita zake (vyombo vya kuhifadhi chaji) zinaweza kushika volti 250 au 300. Weka ile rezista kati ya miguu miwili ya kila kapasita kubwa. Kapasita ya mikrofaradi 100 huhitaji kama sekunde 5. Ipe 30, kisha pima, na usiguse mpaka mita ishuke chini ya volti 5. Piga picha pande zote kabla ya kusogeza waya hata mmoja.

Sasa tafuta mlango. Toka kwenye tundu la kuingizia ufuate waya hadi gridi ya kwanza (mlango wa ishara ndani ya valvu): pini 2 au 7 kwenye ECC83, pini 9 kwenye EF86. Angalia rezista inayotoka hapo kwenda ardhi. Rezista hii moja inasema zaidi ya nusu ya habari yote. Ikiwa 47 kΩ, au jirani zake 68 na 100, unatazama sindano ya santuri ya sumaku. Ikiwa megaohm 1 au 2, ni sindano ya kristali au seramiki, au gitaa. Ikiwa badala ya rezista kuna transfoma, ni maiki ya ukinzani mdogo. Na ikiwa waya huohuo wa kuingizia unapokea pia umeme wa kiasi cha volti 90 kupitia rezista kubwa, hapo ni fotoseli: taa ilipita kwenye ukingo wa filamu, fotoseli ikageuza mwanga kuwa ishara ya sauti. Ni nadra chombo kingine cha muziki kudai volti hizo mlangoni.

Baada ya hapo tafuta rezista na kapasita zinazorudisha ishara kutoka hatua ya pili kwenda ya kwanza. Zidisha kiloohm kwa nanofaradi, jibu ni mikrosekunde. Mfano: rezista ya 1 MΩ ikiwa sambamba na kapasita ya 3.3 nF, 1000 × 3.3 ni 3300. Ikifuatiwa na 82 kΩ sambamba na 0.91 nF, 82 × 0.91 ni 74.6. Kanuni ya RIAA inataka 3180 na 75, kwa hiyo hii ni santuri bila ubishi, tofauti ndogo ni ya rezista za enzi hizo. Ukipata 3180 pamoja na 50, ni kanda kwa kanuni ya NAB (chama cha watangazaji cha Marekani) ya kasi ya 7½ na 15. Ukipata 120 au 70 pamoja na 3180, waweza kuwa na kaseti. Usipoona mtandao wowote wa rezista na kapasita wa namna hii, ishara inapita bila kupindwa: maiki, gitaa, sinema au maabara.

Hesabu hii ni rahisi pale mtandao unaporudisha ishara nyuma. Mtandao ukiwa katikati ya hatua mbili, rezista za anodi nazo zinaingia kwenye hesabu, na kuzidisha jozi moja moja kutakupa majibu ya ajabu. Usilazimishe. Peleka swali hilo kwenye njia ya tatu.

Inapodanganya: rezista za kaboni za zamani hupanda thamani, na 100 kΩ kusoma 150 ni jambo la kawaida. Soma mistari yake ya rangi, inayotaja thamani ya kiwandani, na upime pia. Kuna kanuni inayosaidia sana hapa. Ukipima rezista ikiwa bado ndani ya saketi, njia nyingine za sambamba huweza tu kupunguza kile mita inachoona. Kwa hiyo mita ikisoma chini ya rangi, haimaanishi chochote bado. Ikisoma juu ya rangi na kapasita zimekwisha kutulia, rezista imepanda kweli. Kwa pwani ongeza na hili: unyevu wenye chumvi hupitisha umeme kidogo juu ya mbao za saketi na kwenye kapasita za karatasi, mita ikaona njia ambayo mtengenezaji hakuiweka. Safisha kwa spiriti, acha boksi kivulini siku moja, pima tena.

Udanganyifu mkubwa zaidi ni wa mikono. Tafuta solda inayong'aa kati ya solda iliyofifia. Hapo fundi alipita. Chora alichokiweka mtengenezaji kwa penseli, na cha fundi kwa rangi nyingine.

Inamfaa nani: mwenye subira na macho mazuri, anayejua kusoma mita. Pia mwenye boksi lisilo na umeme wake, kwa sababu kulipigisha sauti kungemlazimu kuunda kwanza chanzo cha 6.3 V na volti 250 hivi.

KUPITISHA SAUTI YA MAJARIBIO

Unachohitaji: simu yenye programu ya kutoa mawimbi, kompyuta yenye mlango wa kurekodi, rezista za 10 kΩ, 10 Ω na 100 kΩ, kapasita ya 0.47 µF ya volti 630, na balbu ya waya ya wati 40 au 60 ndani ya kishikio chake. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii, na za waya siku hizi zinatafutwa. Njia hii ina hatari kuliko zote, kwako na kwa kifaa.

Inavyofanywa: hakikisha volti za transfoma kwanza. Unganisha balbu mfululizo na waya wa stima. Ukiwasha, balbu ing'ae kidogo kisha ififie. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, zima. Ndani kuna shoti, mara nyingi kapasita ya kuchuja iliyoharibika. Kazi ya mkono mmoja, mwingine mfukoni, viatu vya mpira.

Simu ikitoa nusu volti, 10 kΩ mfululizo na 10 Ω kwenda ardhi itakupa nusu milivolti, yaani sehemu ya elfu. Hiyo ndiyo ishara ya majaribio. Kwenye upande wa kutoka weka ile kapasita ya 0.47 µF mfululizo na rezista ya 100 kΩ kwenda ardhi, ndipo uingie kwenye kompyuta, na uchomeke kompyuta baada ya valvu kupata moto. Kapasita ya kutokea ikiwa inavuja bila kinga hii, kompyuta itapokea makumi ya volti.

Weka nobu za besi na trebo katikati, zima vichujio. Rekebisha mpaka kompyuta isome kama milivolti 50 kwenye 1000 Hz, kisha bila kugusa kitu piga 100 Hz na 10,000 Hz. Linganisha.

Priampu ya santuri ya RIAA itatoa kwenye 100 Hz mara 4.5 ya ile ya 1000 Hz, na kwenye 10,000 Hz karibu moja ya tano. Kwa lugha ya desibeli ni +13 na −13.7. Priampu ya kanda ya NAB ya 7½ itatoa mara 8.5 kwa 100 Hz, na karibu theluthi moja kwa 10,000. Kumbuka hiyo mara 8.5: ungeanza na milivolti 300 kompyuta ingefurika na kukupa jibu la uongo. Priampu ya maiki itatoa tatu zote karibu sawa.

Tofauti ya maiki na ya kristali, ambazo zote hupita bila mkunjo, iko kwenye ukuzaji: ya maiki hukuza mara 100 hadi 1000, ya kristali mara 10 au pungufu.

Inapodanganya: mita ya bei nafuu kwenye kipimo cha AC husoma vizuri 50 Hz, ikifika 1000 Hz huanza kubabaika na kwa 10,000 husema chochote. Ndiyo sababu ya kompyuta. Nobu ya katikati kwenye vifaa vya zamani si lazima iwe bapa. Jaribu mara mbili, katikati na kidogo pembeni, uone matokeo yanavyosogea. Na njia hii haiwezi kutofautisha fotoseli na gitaa: zote mbili zitakuonyesha mstari ulionyooka. Mchoro pekee ndio unaoziona zile volti 90.

Inamfaa nani: fundi, au mtu anayekusudia kulitumia boksi, si kulijua tu.

IPI KWA NANI

Uko sokoni na muuzaji hana subira: soma nyuma ya boksi, piga picha ya matundu na namba za valvu, na ulipe bei ya boksi lisilojulikana. Ukilipa bei ya jina lililo mbele umenunua mbuzi ndani ya gunia.

Una santuri za taarab za kupigwa 45 (mizunguko kwa dakika) na unataka kujua kama boksi hili litazicheza: ruka hadi 47 kΩ na jozi ya 3180 na 75, kisha thibitisha kwa sauti. Kwa zile za 78 za zamani zaidi, mkunjo wa RIAA hautoshi, utataka boksi lenye ile swichi ya kuchagua.

Boksi limetoka kwenye jumba la sinema au melini: usilitie umeme kabisa kabla ya kulichora. La sinema lina volti mlangoni, na la melini laweza kuwa liliundwa kwa umeme wa DC (wa mwelekeo mmoja) wa volti 110 au 220 wa meli za zamani, ambao hatuna majumbani.

Unalitaka kwa kuliuza au kulihifadhi: macho na mchoro, basi. Anayekusanya vifaa atakulipa zaidi kwa kapasita za asili zilizokufa kuliko mpya zilizo hai.

Umeamua kumpa fundi, na hilo si aibu: mpe picha zako, mwambie asibadilishe hata kapasita moja kabla ya kuchora mlango wa kuingilia, na umwombe akurudishie kila kilichotolewa ndani ya mfuko. Bei mkubaliane kabla hajafungua skrubu.

Na jibu likipatikana, liandike kwenye karatasi: kazi, volti za stima, pini za tundu, tarehe ya kupima. Itie ndani ya mfuko wa plastiki uibandike upande wa ndani wa kifuniko, mbali na valvu, maana karibu nazo gundi itayeyuka.